Waliosema Siyo

Kufikia kifungu cha sita, Mheshimiwa Siyo alikuwa ameshafumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa ameegemea kiti chake cha ngozi iliyochanika pembeni, viatu kavivua nusu chini ya meza, na kila Mwenyekiti alipowataka wasioafiki waseme, kinywa chake kilifunguka chenyewe, kikasema "Siyo!", kikafungwa tena. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na kwa miaka yote aliyokaa katika ukumbi ule ilikuwa haijawahi kushinda jambo lolote.

Jina hilo walimbandika wabunge wa serikali, kwa kejeli, katika muhula wake wa kwanza. Wapiga kura wake wakalipenda, wakalifanya lao, na sasa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango yake ya kampeni. Watoto walimwita hivyo barabarani. Mke wake alimwita hivyo siku akimkasirikia. Juzijuzi chama kimoja cha wanaharakati kilitoa ripoti juu ya utendaji wa wabunge, kikamtaja kuwa wa kwanza kwa kuchangia mijadala, wa kwanza kwa kuuliza maswali, wa kwanza kwa kuhudhuria kura. Mwishoni, mahali pa kuonyesha hoja alizofanikiwa kuzipitisha, waliweka kistari. Hata sifuri hawakumpa! Wenzake walimtania kwa kistari hicho juma zima, naye akacheka pamoja nao, maana mtu akikaa upinzani muda mrefu hujifunza kujicheka kabla hajachekwa.

Lakini tusidanganyane, mzee wa watu alikuwa amechoka. Hebu fikiria kazi ya kusema mbele ya watu wanaosoma magazeti. Unajiandaa, unatafuta takwimu, unapanga maneno yako yasikike vizuri, halafu unasimama na kukuta Waziri anachezea simu na nusu ya wabunge wako mkahawani. Kengele ya muda inalia ukiwa katikati ya sentensi. Mtu mmoja anapaza sauti, "Kaa chini!" na wengine wanacheka, wala si kwa chuki, ni mazoea tu. Kisha kura inapigwa kwa sauti, ndiyo inaimeza siyo, na unakwenda zako nyumbani ukiwa na koo linalowasha.

Siku hiyo, hata hivyo, haikuwa kama nyingine, na yeye peke yake katika safu ya upinzani ndiye aliyelijua hilo.

Muswada uliokuwa mezani ulihusu nyumba za watumishi wa umma. Kwa sehemu kubwa ulikuwa muswada mbovu, na upinzani ulikuwa umeafikiana kuupinga kifungu kwa kifungu, tangu cha kwanza hadi cha mwisho. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kipya alichokiandika Mheshimiwa Siyo kwa mkono wake. Kilisema kwamba mtumishi akifariki, mjane na watoto wake wasitolewe katika nyumba ya kazi mpaka mwaka wa shule umalizike. Hayo tu. Kwa sheria iliyokuwepo walipewa miezi mitatu, kisha fundi wa shirika lenye nyumba anakuja kubadilisha kitasa.

Ajabu ni kwamba aliianza hoja hiyo zamani, wakati shemeji yake, dereva wa treni, yu hai na mzima wa afya. Shemeji huyo alikuwa mcheshi. Alipomsikia redioni mara ya kwanza alimpigia simu. "Shemeji, mbona unanichimbia kaburi mapema? Ngoja kwanza nife!" Wakacheka wote wawili. Sasa shemeji alikuwa amelala kaburini kweli, na mjane aliyekuwa akihesabiwa miezi alikuwa dada yake Mheshimiwa, mdogo wake wa pekee, katika kota ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Binti yake alikuwa na mtihani wa mwisho karibu. Kitasa kilikuwa kibadilishwe mwisho wa mwezi.

Asubuhi hiyo Waziri alimshika mkono kwenye ngazi za Bunge.

"Kile kifungu chako tumekikubali."

Mheshimiwa Siyo alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Mmekikubali?"

"Uchaguzi unakuja, na wajane ni wengi. Lakini tafadhali, usiwatangazie wenzako. Wakijua watashangilia mpaka ionekane tumepiga magoti. Acha kipite kimyakimya."

Akakubali. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa wakati ule lilifanana na busara. Alikwenda dirishani, akampigia dada yake.

"Washa televisheni leo mchana. Leo tunapata."

"Kaka, usiniahidi."

"Siahidi mimi. Kasema Waziri mwenyewe."

Dada yake akasema, kwa sauti aliyokuwa hajaisikia tangu msiba, "Basi nitawaita na wenzangu."

Vikapita vifungu. Baada ya chakula cha mchana ukumbi ulikuwa wa moto, mashine za kupoza hewa zinanguruma bila kupoza, na wabunge wa pande zote mbili wameshiba na kulegea. Kando ya Mheshimiwa Siyo alikaa Mwalimu, mama mstaafu aliyewahi kufundisha hesabu, ambaye kwa kuchoka alikuwa ameacha hata kusikiliza kinachosomwa. Alingoja tu sauti ya jirani yake. Siyo ya mzee ikitoka, na yake ilifuata, na nyuma yao safu nzima. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote. Mmoja alisikiliza kwa niaba ya wote.

"Kifungu kipya cha ishirini na mbili," akasoma Karani.

Mheshimiwa Siyo akavaa viatu, akasimama. Alikuwa na kurasa nne mkononi. Alianza na habari ya mama mmoja aliyewahi kukuta vyombo vyake vimepangwa barazani, sufuria juu ya godoro, akawa bado hajafika kwenye hoja yenyewe Waziri aliponyanyuka.

"Mwenyekiti, serikali haina pingamizi." Akakaa.

Mwenyekiti, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamgeukia msemaji. "Mheshimiwa, wamekubali. Unataka kuendelea?"

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu. Zile kurasa nne aliziona ghafla kuwa nzito bure, akaziweka mezani, akasema, "Hapana, Mwenyekiti, nashukuru," akakaa.

Alikusudia kugeuka nyuma na kuwaambia wenzake: hiki ni chetu, semeni ndiyo. Ndivyo alivyopanga. Lakini mtu aliyebeba mzigo miaka mingi, ukimtua ghafla, hupepesuka. Akili yake ilitoka ukumbini. Ilikwenda kwenye kota, ikamwona dada yake mbele ya televisheni, mkono mdomoni, na binti kaacha vitabu vyake kuja kuangalia. Alimwona hata shemeji, akicheka.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Upande wa serikali ukasema ndiyo, lakini ndiyo gani ile! Wengi hawakuwa wamemsikia Waziri, na waliomsikia hawakuamini. Kuunga mkono hoja ya Mheshimiwa Siyo lilikuwa jambo ambalo ndimi zao hazikulizoea. Ilitoka ndiyo ya kusitasita, ya mtu anayeuliza. Naye mwenye hoja hakusema kitu. Kwake wakati wa ndiyo ulikuwa, siku zote, wakati wa kuvuta pumzi.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo!" ikasema sauti nzito yenye mkwaruzo.

"Siyooo!" ikafuata safu nzima, kwa nguvu zote za watu wanaojua kwamba kelele ndiyo silaha pekee waliyo nayo.

Mwenyekiti akafungua kinywa, akakifunga. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Maneno aliyotakiwa kuyasema yalikuwa hayajawahi kumtoka tangu akalie kile kiti.

"Nafikiri," akasema polepole, "nafikiri waliosema siyo wameshinda."

Na hapa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema baadaye kwa uchungu. Aliposikia neno wameshinda, kabla hajajua kashinda nini, alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni. Aligonga meza kwa viganja vyote viwili, pa! pa! pa!, akacheka kwa kelele, machozi yakamlenga. Nyuma yake watu waliruka vitini, wakakumbatiana, mmoja akarusha karatasi juu. Kamera za Bunge, ambazo kwa kawaida hazikumjali, zilimgeukia zikamchukua vizuri.

Mwalimu ndiye aliyeacha kugonga meza kwanza. Alichukua jedwali la marekebisho, akalisogeza karibu na macho, akamgusa jirani yake begani.

"Mzee," akanong'ona, "hiki si kifungu chako?"

Viganja vya Mheshimiwa Siyo vikabaki hewani.

Alisimama. Hakuomba ruhusa, hakuwasha kipaza sauti. "Mwenyekiti, naomba radhi, nimekosea. Nilikusudia ndiyo. Ni hoja yangu, Mwenyekiti! Naomba kura zihesabiwe kwa majina."

Ukumbi uliangua kicheko. Kilianzia upande wa serikali, kikavuka hadi upande wake mwenyewe. Hata Karani aliinamisha kichwa.

Mwenyekiti hakucheka. "Mheshimiwa, Kanuni unazijua kuliko mimi. Anayeweza kudai kura zihesabiwe ni aliyeshindwa, kabla kifungu kinachofuata hakijasomwa. Wewe umeshinda. Tafadhali, kaa."

Kweli alizijua. Alijua pia kwamba jambo likishakataliwa haliletwi tena mpaka mwaka mwingine wa Bunge. Kwa hiyo akafanya kitu alichokuwa hajawahi kukifanya. Aliwageukia wale wa ng'ambo, aliowatolea maneno makali miaka nenda miaka rudi, akawanyooshea mikono.

"Ndugu zangu. Mmoja wenu. Asimame mmoja tu."

Waziri alivua miwani akaanza kuifuta kwa tai. Alikuwa ametimiza ahadi yake. Kama mwenye mali kaikataa mali yake mbele ya kamera, yeye afanyeje? Katika safu ya nyuma, mbunge mmoja wa kike, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alijiinua kidogo kitini. Mnadhimu wa serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunga wabunge wa upande wake wasikiuke msimamo, akamgeukia. Mbunge yule akarekebisha sketi yake, akakaa vizuri.

"Kifungu cha ishirini na tatu," akasoma Karani.

Mheshimiwa Siyo hakupiga kura tena siku hiyo. Alikaa na kutazama kurasa zake nne. Aliona aibu ya namna ambayo hata kutukanwa hadharani hakujawahi kumtia.

Kikao kilipoahirishwa, Kiongozi wa Upinzani alimvuta pembeni ya korido, karibu na birika la maji. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili, na uso wake uling'aa.

"Umewaweza, mzee! Redio zote zinatangaza. Upinzani waibwaga serikali."

"Nilikosea. Ulimi uliteleza."

"Najua." Kiongozi akashusha sauti. "Lakini nani mwingine ana uhakika? Kelele zile, nani alisikia ulichosema baadaye? Tutasema kile kifungu kilikuwa mtego. Serikali ilikichomekea maneno ya kulipatia shirika nguvu ya kufukuza watu mapema zaidi, wewe ukashtuka dakika ya mwisho ukakikataa. Ukakataa hata hoja yako mwenyewe! Unajua watu watakupenda kiasi gani?"

"Hakikuwa na maneno hayo."

"Nani ataenda kukisoma?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema siyo. Kama kuna siku moja neno hilo lilihitajika, ilikuwa ile, pale penye birika, mbele ya mtu mmoja. Lakini Mheshimiwa aliegemeza kichwa ukutani, akasema, "Nimechoka, ndugu yangu." Kiongozi akampigapiga begani, akachukua uchovu ule kuwa kibali, na alipofika mlangoni alikuwa tayari anaongea na waandishi.

Mlinzi wa geti alimpigia saluti. "Hongera, baba! Leo mmewanyoosha!" Miaka yote mlinzi huyo alikuwa akimpa pole. Mheshimiwa akamjibu asante, akaingia garini akaelekea kwenye kota.

Alifika jua likiwa linashuka. Kota zilikuwa mistari miwili ya nyumba za matofali yaliyotiwa weusi na moshi, uwanja katikati, kamba za nguo toka mlango hadi mlango. Wanawake walikuwa wamekaa uwanjani juu ya mabenchi na ndoo zilizogeuzwa. Wengine walikuwa wajane, wengine wake za watu walio hai ambao bado waliendesha treni na kushika nyundo. Walipomwona wakasimama. Mmoja akapiga vigelegele.

"Tumesikia redioni!" akasema. "Kumbe walitaka kututega! Mungu akupe maisha marefu, Mheshimiwa."

"Afadhali ulishtuka," akasema mwingine. "Sisi tungejuaje?"

Aliwapa mkono mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa chini. Dada yake hakuwa miongoni mwao. Alimkuta ndani, amekaa kwenye kitanda kisicho na shuka, anakunja mapazia. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti.

"Karibu, kaka. Kaa hapo, kiti kingine nimeshakifunga."

Akakaa. Chumba kilinuka vumbi la vitu vilivyosogezwa.

"Mbona unafungasha mapema?"

"Mapema ya wapi? Mwezi ndio huu." Alikunja pazia la pili, akaliweka juu ya la kwanza, akalilainisha kwa kiganja. "Kulikuwa na mtego?"

Alikuwa na jibu. Alilibeba toka koridoni, limeshapikwa na kuungwa, na nje kulikuwa na watu waliokwisha kulimeza. Ingetosha kutikisa kichwa. Akamtazama mdogo wake: mvi zilizochomoza upande mmoja tangu msiba, vidole vilivyochubuka kwa kufua. Mwili wake mzima ulitaka kupumzika ndani ya uongo ule.

"Hapakuwa na mtego," akasema. "Kilikuwa kizuri vilevile nilivyokiandika. Waziri alikikubali. Nikasema siyo kwa mazoea tu. Kinywa kilitangulia. Wenzangu wakanifuata."

Dada yake aliendelea kulilainisha pazia ambalo halikuwa na kunyanzi tena.

"Niliisikia," akasema. "Sauti yako siwezi kuikosea. Nikasema labda nimechanganya, labda ni mwingine. Halafu nikakuona unagonga meza."

"Nisamehe."

"Ngoja niseme." Alivuta pumzi. "Miaka yote nakuangalia unapigwa. Marehemu alikuwa ananiambia zima hiyo televisheni, unajiumiza bure, kaka yako kazi yake ni kushindwa. Leo nikakuona unacheka. Nikaruka juu, kaka! Nikapiga kelele na wenzangu mpaka majirani wengine wakaja. Nilifurahi vibaya sana, wala sikujua umeshinda nini."

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia njiani, akajifunika uso kwa pazia. Mheshimiwa alihama kitini akakaa kando yake kitandani. Nje wale wanawake walikuwa wanaongea kwa furaha, sauti zao zinaingia dirishani, dirisha likiwa halina tena cha kuzizuia.

"Unawasikia?" dada yake akauliza, akifuta macho. "Yule mwenye kitambaa cha bluu, mumewe yuko hospitali, hatarudi. Yule bibi ana wajukuu watatu. Wanaamini umewaokoa. Wakienda kulala na imani hiyo, hakuna atakayefungasha. Fundi akija atawakuta wanakunywa chai."

"Kiongozi ameshatangaza."

"Kiongozi haishi hapa."

Mheshimiwa alifikiria mabango, kampeni, ripoti ya mwaka kesho ambamo pengine kistari kingefutwa. Alifikiria vigelegele. Havikuwa vingi, lakini ndivyo vya kwanza kupigiwa kwa ushindi wa Bungeni, na alitambua kwa fedheha kwamba alikuwa anavionea uchungu.

"Nitawaambia nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Akainuka, akatoka. Alisimama kwenye ngazi moja ya saruji mbele ya mlango, na mazungumzo yakakoma. Wakamtazama kwa furaha. Hakuwa na karatasi. Hakukuwa na Mwenyekiti wa kumpa nafasi, wala kengele ya kumnyang'anya.

"Mama zangu," akasema. "Hapakuwa na mtego. Kile kifungu kilikuwa chenu, kilikuwa chema, na aliyekiua ni mimi."

Aliyekuwa amepiga vigelegele akaketi juu ya ndoo yake. Hakuna aliyezomea wala aliyemwambia kaa chini, na ule ukimya ulimtisha kuliko kelele zote alizozizoea. Alijikuta anangoja akatizwe. Nyuma yake, mlangoni, alimsikia dada yake amesimama.

Bibi mwenye wajukuu watatu akavuta benchi lake karibu na ngazi, akakaa, akafunga mikono mapajani. Uso wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Endelea," akasema. "Tunakusikiliza."